Mbio za Mama wa Juru

Sisi wenye vitambi wa Mbarara hukimbia asubuhi kwenye njia ya lami inayozunguka kando ya kijito, na kila siku mimi hunung'unika kwamba njia hiyo haina inakokwenda.

Jumamosi, kwenye benchi la pale tunapoanzia, alikuwa amepumzika mama wa Kikongo, mkimbizi wa kambi ya Nakivale, na mfuko wa maharagwe aliyoyatoa Juru, kijiji cha huko kambini, kuyaleta sokoni. Alipotuona tunatimua mbio hakuuliza. Alivua kandambili, akajitwika mfuko, akatupita wote!

Tulimkuta mwisho wa mzunguko, anatungoja, hata hahemi.

"Baba, tunakimbia nini?" akaniuliza.

"Hatukimbii kitu, mama. Ni mazoezi tu."

"Nyuma hakuna kitu?"

"Hakuna."

Aligeuka kuhakikisha mwenyewe. Kisha akaliona benchi, akaligusa kwa kiganja.

"Lakini hapa njo fasi nilikuwa naikala!"

"Ndiyo, mama, ni mahali pale pale ulipokaa. Njia inazunguka."

Alicheka mpaka mfuko ukayumba kichwani. "Nimekimbia mara mingi, baba. Siyarudia hata siku moja fasi nilitoka."

Akanitwisha mimi maharagwe, akashika mzunguko wa pili, safari hii polepole, mikono mitupu, akimsalimia kila aliyekutana naye.

Nilimlindia mzigo wake mpaka aliporudi. Njia ile sijaisema vibaya tena.