Carmelita na Hadithi Isiyokuwa Yake

Carmelita Nash hakuolewa. Maisha yake yote aliishi nyumba ya baba yake, kwenye pwani yetu hii ya kisiwa cha Newfoundland, akimpikia kaka yake Ambrose chewa wa chumvi na viazi.

Ambrose ndiye aliyekuwa na hadithi ya mwana wa mfalme aliyeoa chini ya bahari, ile ndefu ya kusimuliwa majira ya baridi, iliyoletwa na babu yao kutoka Ireland. Carmelita aliisikia tangu utotoni akiosha vyombo, akaijua yote. Lakini kwetu hadithi ilikuwa na mwenyewe. Huisimulii mpaka akuruhusu, au afe.

Ambrose akapata kiharusi, akawa bubu. Wakati huo samaki walikuwa wamekwisha baharini, vijana wamekimbilia visima vya mafuta huko mbali Alberta, na waliobaki wanakodolea macho televisheni. Ndipo akaja kutoka huko Deirdre, mjukuu wa dada yao, na simu yake ya kurekodia hadithi ile.

"Bibi, simulia tu. Babu hata kusema hawezi."

"Masikio je? Au wewe ndiye kiziwi?"

Mimi, jirani yao, nikasema, "Njooni kwangu basi. Huko hatasikia."

"Nikamwibie kaka yangu, kisha nirudi kumlisha uji? Mzee mzima huna haya!"

Akamwinamia Ambrose, akamshika mkono usiopooza. "Kaka, nimpe mtoto huyu? Ukikubali, nifinye kidole."

Tukangoja. Ambrose akageuzia uso ukutani.

"Mmeona," alisema Carmelita, akaenda kumenya viazi.

Huenda ulikuwa wivu wa Ambrose. Huenda hakuelewa alichoulizwa. Deirdre alirudi Alberta na picha za kondoo wetu tu.

Kabla theluji haijayeyuka, Carmelita alianguka mbele ya jiko, akafa. Siku ya mazishi vijana walizungumzia bei ya nyumba. Ambrose alipelekwa mjini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nilimfuata huko. Kichwani mwangu hadithi ile, niliyomsikia akiisimulia zamani, imebaki vipande tu, havishikani. Nikamwinamia sikioni.

"Ambrose, inaanzaje? Nipe neno la kwanza tu, mengine nitahangaika mwenyewe."

Akanitazama. Akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama, ikatoka sauti moja nzito, ndefu.

Muuguzi akaja mbio. "Pole, babu," akamwambia Ambrose akimwinua, kisha akanigeukia. "Anataka chooni."