Mkeka Mbele ya Magurudumu

Kina mama waliokuja kunipa pole hawakuniacha nifanye chochote. Nikinyoosha mkono nichukue kikombe, watatu wanainuka. Kwetu Uvira mgonjwa hagusi kazi, na desturi hiyo waliibeba hadi Johannesburg, hadi chumba chetu cha Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba na mapazia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni katika mwili wangu mwenyewe, miezi inapita, na jembe sikupewa.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa Kombe la Dunia. Mvua iliangusha ukuta wa uani nikiwa naanua nguo, ukanivunja uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kushuka sikuwa na habari tena. Hospitalini nesi alinifundisha kukandamiza mikono ya kiti cha magurudumu kila baada ya muda na kujinyanyua kidogo, nisije nikapata vidonda vya kukaa. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo mbele ya kina mama wa kanisa, mmoja aliangusha sahani.

“Anainuka,” akasema kwa sauti ndogo, na mwenzake akaanzisha wimbo.

Nikajishusha kwenye mto wangu. “Mama zangu,” nikawaambia, “napumzisha makalio.”

Wimbo ukafia njiani. Nilicheka hadi machozi, mara ya kwanza tangu ukuta uanguke, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Yaya hakucheka. Yaya kwetu ni dada mkubwa, na ndiye niliyekuwa nikiishi naye. Alifanya usafi kwenye ofisi za Randburg, akitoka alfajiri, na kutwa nzima roho yake ilibaki kwangu chumbani: je, nimeanguka, je, nimekunywa maji. Jioni moja nilimsikia nyuma ya pazia akiongea na mama kwa simu. “Atarudi nyumbani,” alisema. “Ipite kwanza harusi ya binti wa mchungaji, halafu nitamleta mwenyewe.”

Nyumba ya mama iko mlimani. Ngazi za mawe, njia ya kokoto, choo nyuma ya migomba. Kiti changu kingefika mlangoni kigeuke pambo. Mama angenitunza, hilo sina shaka, angenitunza kitandani mpaka mmoja wetu afe. Niliogopa kuliko nilivyoogopa hospitalini, na kwa kuwa mimi nikiogopa huwa mkali, wiki ile nzima niligombana na kila mtu, hadi na birika.

Mimi ni msusi. Nikajiambia, nikionekana kazini, yaya ataacha maneno ya safari. Jirani akanisukuma hadi saluni niliyokuwa nikifanyia kazi, mtaa wa pili. Pale mteja hukaa kwenye kiti kirefu na msusi husimama nyuma yake. Nilijaribu. Mikono yangu iliishia masikioni mwa mteja, utosi ulikuwa mbali. Nilipojivuta mbele nusura nianguke na kitana changu. Mwenye saluni, mama mwema kabisa, akanishika bega.

“Eish, dada, pumzika kwanza.”

Hakuna neno nililolichukia mwaka ule kama pumzika. Nilirudi nyumbani nimenuna, sikumwambia yaya nilikokwenda.

Ikabaki siku moja harusi ifike. Yaya alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani, akavua kilemba. Tangu nilazwe alikuwa akifunga kilemba, kazini, sokoni, kanisani, hata kitandani, nami nilidhani ameweka nadhiri. Nikaona kichwa chake. Rasta nilizomsuka wiki ile kabla ya ajali zilikuwa bado humo, zimelegea, nywele zimekua chini yake na kufungamana.

“Yaya, hiki kichwa gani?”

“Kesho nitavaa wigi.”

“Wasusi wamejaa Yeoville yote hapo jirani. Kwa nini hukwenda?”

Aliangalia kilemba mikononi mwake. “Zaidi yako na mama, hakuna mwingine aliyewahi kunisuka,” alisema. “Sikutaka kuanza.”

Nilitamani kulia, lakini hasira ilitangulia. “Kaa chini,” nikamwambia.

“Si nimekaa.”

“Chini, yaya. Leta mkeka.”

Mama alitusuka hivyo sote wawili: yeye juu ya kigoda, sisi sakafuni, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake. Miaka yote ya kusimama saluni ilikuwa imenisahaulisha. Nilifunga breki, nikang'oa vibao vya kukanyagia, nikaishika miguu yangu mmoja mmoja nikaiweka sakafuni. Nikajifunga kwa kitenge kiunoni, pamoja na mgongo wa kiti, nisipinduke. Yaya akakaa mkekani, lakini shingo kaikaza, hataki kuniegemea.

“Nitakuumiza,” alisema.

“Hutaniumiza. Si ndiyo shida yenyewe?”

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na akiwa anacheka hivyo akalaza kichwa kwenye goti langu. Uzito wake sikuusikia, niliuona tu, gauni lilivyobonyea. Nilifumua rasta kuukuu, nikachana, nikagawa njia ya kwanza katikati ya utosi. Utosi wote ulikuwa mikononi mwangu. Vidole havikuwa vimesahau kitu. Nilipofika nusu nikasimamisha kazi, nikakandamiza mikono ya kiti, nikajinyanyua, nikahesabu kimoyomoyo, nikashuka. Yaya alingoja bila kugeuka, kama mtu anayemngoja msusi abadilishe kitana.

Simu yake ikalia. Alikuwa mama, na sauti yake haihitaji spika. Aliuliza harusi ni lini hasa na safari itaanza siku gani, maana anataka kuandaa chumba.

“Mama, nitakupigia baadaye,” yaya alisema. “Nasukwa.”

“Unasukwa na nani?”

Yaya alilaza kichwa upande wa pili, ili nifikie kisogo.

“Na nani tena, mama?”