Duane na Fimbo ya Shaba

Duane Halvorsen ni fundi wa mashine za kukamulia ng'ombe huku Wisconsin, na kila Septemba analeta koili yake ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche ndefu za umeme, kwenye ghala la rafiki yetu Lyle, tunakokutana kushindanisha mitambo yetu. Sheria yetu ni moja: cheche zako zisipogusa fimbo ya shaba, unachomea watu wote soseji. Duane anachoma vizuri sana siku hizi, maana amezoea.

Mwaka huu alimleta binti yake, Kirsten. Hawakuwa wakisemezana tangu Duane na mama yake walipotalikiana. Duane alitaka binti aone, walau mara moja, kitu kilichokuwa kikimkalisha baba yake gereji.

"Ongeza kasi mzee, mapigo ya umeme yawe mengi," Lyle alimwambia huku akitukonyeza.

Duane akaongeza. Mota ikalia kama nyuki, cheche zikachanua kama ufagio, fimbo haikuguswa.

"Ongeza tena, karibu zinafika."

Sote tulijua hazifiki. Kapasita yake, kile kifaa kinachohifadhi umeme kabla ya kila cheche, ni ndogo, kwa hiyo kila pigo ni jepesi. Ni kama kurusha mchanga harakaharaka ukitegemea ufike mbali kama jiwe. Hakuna aliyewahi kumwambia. Sasa nani angechoma soseji?

Kirsten akaangalia simu. Hapo Lyle akamsogeza Duane, akaunganisha kapasita kubwa, akapunguza kasi ili kila pigo lijae kwanza. Cheche moja ndefu ikaipiga fimbo.

Kirsten akapiga makofi. "Baba, miaka yote hiyo, si ungemwomba huyu akufundishe?"

Duane akavaa aproni. "Nikuchomee ngapi, mwanangu?"

"Nitakula njiani," Kirsten akasema, tayari akielekea kwenye gari lake.