Nusu ya Kichwa kwa Picha ya Kifua

Asubuhi, saluni ndiyo kwanza imefunguliwa. Msusi anapanda kwenye kiti chake kirefu mbele ya kioo kilichopasuka pembeni, anakaa, anavuta pumzi. Hagusi chanuo mpaka pumzi itulie. Mteja amekaa chini, kwenye mto, mgongo wake umeegemea magoti ya msusi.

"Zamani nilikuwa nasuka nimesimama," ananiambia mimi mwandishi. "Siku hizi nasuka nimekaa kama malkia."

Wifi yake, anayemchambulia nywele za bandia, anadakia: "Malkia gani anapumua kama pampu ya baiskeli?"

Msusi anacheka mpaka anashika ubavu.

Ana saratani ya mapafu, mwaka wa nne sasa. Anameza dawa kila siku, hospitali anakwenda kila mwezi, na vichwa vinne alivyokuwa akisuka kwa siku vimebaki viwili. Sigara hajawahi kuvuta, hata ya kuonja.

"Pale zahanati ukutani kuna picha ya mwanamume na sigara mdomoni," anasema. "Nilikuwa nakaa chini yake na kikohozi changu, namhurumia. Nasema maskini, huyu baba atakufa. Kumbe na mimi nilikuwa nasemwa."

Alikunywa dawa za kikohozi karibu mwaka mzima. Mashine ya picha za kifua pale zahanati ilikuwa mbovu, imefunikwa shuka kama maiti. Wakubwa walikuja, wakasimama mbele yake, wakapigwa picha wao, wakaondoka. Marehemu mke wangu naye alikohoa mbele ya shuka lile lile, akaambiwa ni vumbi. Kwa hiyo wakubwa wasitegemee nitawasifu hapa. Nimekuja kumsifu msusi.

Maana kazi yake ina kitu ambacho ofisi zao hazina. Mwanamke akishaanza kusukwa, haondoki. Na mgongo wake ukiwa kwenye magoti ya msusi, kikohozi kinasikika kwa magoti kabla ya masikio. Ndipo msusi anapoanza maswali: unakohoa tangu lini, unapungua, unachoka, umeona damu? Wateja wamembatiza Mama Kifua.

"Jina baya," anasema, "lakini wanakuja."

Leo aliyekaa kwenye mto ni muuza mitumba. Jumamosi anamwoza binti yake. Anakohoa, na mikono ya msusi inasimama.

"Hicho kikohozi cha lini?"

"Vumbi la marobota tu, dada. Suka."

"Nimeuliza cha lini."

"Aa… kabla binti hajachumbiwa."

"Uchumba wote ule?" wifi anaruka. "Mama, umekohoa msimu mzima!"

Msusi anashika tena chanuo. Anamaliza upande wa kulia, anafunga ncha, anaweka chanuo chini.

"Tayari."

Muuza mitumba anajishika kichwa. Kulia mistari imelala vizuri. Kushoto nywele zimesimama kama zimeona nyoka.

"We! Na huku?"

"Huku utasukwa ukirudi na picha ya kifua. Mashine inafanya kazi sasa, tumepiga kelele mpaka wameitengeneza."

"Jumamosi namwoza mwanangu!"

"Ndiyo maana nakuambia leo Jumanne."

"Mimi sivuti sigara!"

"Hata mimi."

Muuza mitumba anajifunga kitambaa kichwani na kutoka akinung'unika kwamba saluni si moja tu mjini. Namuuliza msusi kama haoni anamwonea mwenzake.

"Namwonea. Akininunia miaka ishirini nitafurahi, maana atakuwa hai."

Jumatano hakuja. Alhamisi hakuja. Kila kivuli kilichopita mlangoni, msusi aliinua kichwa.

"Ameshasukwa kwingine," wifi akasema. Safari hii hakuwa anatania.

Ijumaa napita tena, na muuza mitumba anaingia na kitambaa kile kile, bahasha kubwa kwapani. Hasalimii. Anakaa kwenye mto.

"Wameona kidoa," anasema. "Kidogo. Daktari anasema labda ni kovu la zamani, labda ni hicho chako. Jumatatu nirudi kwa kipimo kikubwa. Anasema hata kama ndicho, nimewahi."

Wifi anaweka chini nywele za bandia.

"Unaogopa?" msusi anauliza.

"Naogopa. Suka."

Anasuka taratibu, akipumzika kila baada ya mistari michache. Jumatatu atafunga saluni amsindikize. Ameshawaomba zahanati wabandike na picha ya mwanamke pale ukutani, wakamjibu mpaka wakubwa waidhinishe. Wakubwa, kama mnasoma: ni karatasi na gundi.

Namuuliza anataka nini kwa ajili yake mwenyewe.

"Kuzeeka," anasema. "Nizeeke hapa hapa, wateja walalamike mikono inatetemeka, mistari imepinda."

"Huu umepinda tayari," anasema muuza mitumba, kioo mkononi.

"Haujapinda. Kichwa chako ndicho kiko hivyo. Tulia, tumalize."