Kope za Aba na Madirisha ya Buluu

Jenereta ikiwashwa popote karibu nami, hata leo, mkono wangu huenda wenyewe kwenye kope. Ni ule moshi wa dizeli. Watu hudhani vumbi limeniingia, nami huwaacha wadhani hivyo, maana kueleza kunachosha. Ninyi nitawaeleza.

Aba, yaani baba yangu, alikuwa karani wa mradi mmoja wa visima na chanjo za mifugo pale Garsen. Katika ukoo wetu wa Waorma yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha fimbo ya kuchungia na kushika kazi ya ofisi. Alisomea taipu Mombasa, na vidole vyake vilikwenda bila yeye kuviangalia. Lakini macho alikuja nayo kutoka kwenye ng'ombe. Utotoni aliugua ule ugonjwa wa macho wa inzi na usaha unaowapata watoto wa wafugaji, akapona, akaugua tena, mpaka kope zikaanza kuota kuelekea ndani. Kila alipopepesa zilimkwaruza. Asubuhi kabla ya chai Mama alimlaza kichwa mapajani pake, akazing'oa mojamoja kwa kibanio, na kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza inzi. Aba hakulia hata siku moja. Machozi yalitoka, lakini hayo yalikuwa ya jicho, si yake.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko makubwa. Mto ulipanda, ukakaa juu kana kwamba umehamia. Shule yetu ikajaa familia zilizokimbia maji, masomo yakasimama. Ng'ombe wetu wakafa, kwanza kwa maji, halafu kwa homa iliyofuata maji yalipoanza kupungua, na harufu yao ilikaa hewani hata ukashindwa kula. Walibaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Tangu hapo tulikula mshahara wa Aba, sisi na shangazi zangu na watoto wao.

Kwa kuwa shule ilifungwa, Aba alinichukua ofisini. Mradi ulikuwa umeletewa kompyuta, nayo ilikaa mezani pake, imefunikwa kitambaa cha maua kama mkate. Jenereta ilipowashwa huko nyuma, Aba alifunua kitambaa, akanivutia kiti.

Ukiiwasha ilikuonyesha skrini nyeusi na alama moja inayopepesa, basi. Haikukuambia lolote. Aba alipiga herufi mbili na Enter, na mara pakatokea madirisha mawili ya buluu, moja kushoto, moja kulia, kila moja na majina ya mafaili yamepangwa kwenda chini. Kipanya hakikuwapo. Kila kitu kilitendwa kwa kibodi. Mishale ilipandisha na kushusha mstari wa rangi uliokuonyesha uko kwenye faili gani. Tab ilikuvusha kutoka dirisha hili hadi lile. F3 ilikuwa ya kusoma, F5 ya kunakili, F8 ya kufuta, na hiyo F8 Aba aliibandikia kipande cha plasta ili kidole kikiigusa kishtuke. Upande wa kushoto tuliweka mafaili ya ndani ya mashine, upande wa kulia disketi ya kupeleka Nairobi.

"F5 inachukua pale uliposimama na kupeleka upande wa pili," aliniambia. "Kwa hivyo kwanza ujue umesimama wapi. Mashine haijui lipi jipya, lipi la zamani."

Niliipenda ile mashine kupita kiasi. Baada ya majuma machache nilikuwa nacheza na yale madirisha kama wenzangu wanavyocheza kamba. Aba alikaa kando yangu, vidole juu ya kibodi, akauliza, "Mstari uko wapi?" Nami namjibu kwa lugha yetu, polepole: bita, yaani kushoto, mirga, kulia, shuka, shuka tena, hapo hapo. Nilidhani ananijaribu, kama mwalimu anavyouliza jambo analolijua. Kisha siku moja nilikosea kwa makusudi, kwa mzaha tu, nikasema bita na mstari uko kulia. Aba akaendelea na kazi vile vile. Nikasema haraka: mirga, Aba, mirga.

Jioni nilimwambia Mama. Alikuwa anakung'uta chombo cha maziwa, hakugeuka.

"Sasa umejua," alisema. "Usiseme kwa mtu. Aba akitolewa kule ofisini, hawa watoto wote watakula nini?"

Sikusema. Tena nilikuwa mwerevu wa kutosema. Nilimsomea Aba kwa sauti karatasi zilizoletwa kutoka visimani, na tukawaambia watu kwamba najizoeza Kiingereza. Mkubwa wa ofisi, bwana mmoja mpole kutoka bara, alikuwa akisimama mlangoni na kikombe chake.

"Mzee Galgalo, huyu Hawa atakuwa injinia!" alisema. "Wafugaji wengine wangefanya kama wewe, tungekuwa mbali."

Wageni wakija aliwaleta wanione: msichana wa Kiorma, buibui lake na ndara zake, akiendesha kompyuta. Walinipa biskuti. Shule ilipofunguliwa nikawa naenda asubuhi na kutoroka mchana, na mwalimu hakunichapa kwa sababu alisikia nasomeshwa kompyuta. Kila mtu alimsifu Aba kwa kumjali binti yake. Nami nilivimba kichwa, siwafichi.

Ndipo likaja hema la madaktari wa macho. Walilipiga karibu na soko, chini ya jua kali, na foleni ikajipinda hadi barabarani: vikongwe wanaoshikwa mkono, wachungaji, akina mama na watoto wenye inzi machoni. Tulipita hapo tukielekea ofisini. Katikati ya foleni alikuwa amesimama dereva wa mradi, amemleta mama yake. Muuguzi mmoja aliyekuwa akipanga watu alimtazama Aba mara moja tu.

"Mzee! Wewe wa shati jeupe! Hebu simama niangalie hizo kope."

Dereva akageuka. Nilihisi mkono wa Aba unakaza juu ya wangu.

"Mimi mzima, sista," akasema huku akicheka. "Jua tu hili. Nampeleka mtoto kazini, siku hizi yeye ndiye karani."

Dereva akacheka, muuguzi akacheka, na sisi tukapita. Nilimwongoza Aba asikwae kamba za hema, kwa namna ambayo hakuna aliyeona kuwa namwongoza. Tulipofika tulinakili mafaili yote ya mwezi bila kosa hata moja. Aba akaninunulia soda. Niliona tumewashinda watu wote.

Hema likang'olewa baada ya siku chache, likaenda zake.

Mwaka uliofuata, nikiwa kwenye mtihani, walikuja wakaguzi kutoka Nairobi wakitaka ripoti ya visima kwenye disketi. Haya alinisimulia Aba mwenyewe, kwa sauti kavu. Mtu alikuwa ameitumia mashine jana yake, akaiacha mstari uko dirisha la kulia. Aba hakuwa na wa kumwambia mirga. Akaingiza disketi ya zamani, akabonya F5. Mashine ikauliza kama ifunike, naye akabonya Enter kama siku zote. Ripoti ya mwaka jana ikatoka kwenye disketi, ikaifunika mpya.

"Mzee, hii ni ya mwaka jana," mkubwa wake alisema. Kisha akainua mkono mbele ya uso wa Aba. "Nimeshika nini?"

"Kalamu," Aba akajibu, kwa kuwa mtu huyo alikuwa na kalamu daima.

Zilikuwa funguo.

"Ungeniambia, Mzee," mkubwa alisema wageni walipotoka nje.

"Ningekuambia, ungenibakisha?"

Mwisho wa mwezi dereva alimleta Aba nyumbani na kitambaa chake cha maua.

Yaliyofuata ni njaa ya kawaida, sina haja ya kuipamba. Mama aliuza maziwa kando ya barabara. Shangazi mmoja alihama na watoto wake, na mdogo wao alifia njiani. Mimi nilisomeshwa na mjomba, na nilipopata kazi Malindi nikampeleka Aba kwa daktari wa macho, nikijisemea kwamba sasa nina pesa, sasa yatakwisha. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimulika jicho la kwanza, akamulika la pili, akazima taa.

"Ni kovu tupu," alisema. "Mngekuja wakati shida ni kope peke yake, tungezigeuza zitazame nje. Ni operesheni ndogo, ganzi kidogo tu, mtu anarudi kwake siku hiyo hiyo."

"Hata kwenye hema?" Aba akauliza.

"Hata kwenye hema, mzee. Wengi tunawafanyia huko huko."

Aba alitikisa kichwa taratibu. Akanyoosha mkono hewani akinitafuta, nami nikaushika. Alikuwa anatabasamu.

"Daktari, huyu binti yangu alikuwa ananisomea vizuri sana," alisema. "Sikuhisi giza likiingia."

Alikusudia kunisifu, na daktari akanisifu pia. Nilikasirika hata nikashindwa kusema asante, nikakasirikia mradi, dereva, foleni, hata kicheko cha Aba. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja na nilifanya nilichoombwa. Natamani tu ningekuwa mzito wa kufunzwa.