Moshi wa Bibi Fumie na Paa Linalongoja Mikono

Ukungu bado umeyalalia mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, na Bibi Fumie Ogata ameshapiga magoti mbele ya meko yake, anapuliza. Kaa moja linafumbua jicho. Moshi unapanda polepole, unapita boriti nyeusi za masizi, unapotelea juu ndani ya nyasi za paa.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kijiji cha Kamitani humlipa yeni elfu tatu kwa siku awashe moto katika nyumba alikoolewa, ili wageni waje kuiona. Pesa ya mchele na mafuta ya taa, basi.

Saa nne basi la wageni wa siku moja linafika kutoka mjini. Rika, msichana anayewaongoza, anainua kibendera chake. Wageni wanavua viatu, wanaingia, wanakohoa.

"Bibi, moshi huu!" mama mmoja analalamika, anapepea koti lake. "Si ungeweka hita ya umeme?"

"Ngoja, mwanangu. Kitendawili!"

Wageni wanatazamana. Rika ndiye anayejibu, kwa kuwa keshazoea. "Tega, Bibi."

"Ninaye mzee, namlisha moshi kila siku. Nikimnyima, anaoza."

Wanajaribu: samaki? Nyama? Babu yako? Wanacheka. Bibi ananyoosha kidole juu. Paa! Moshi hukausha nyasi, hufukuza wadudu na kukaza kamba.

Lakini mzee huyo sasa amechoka. Upande wa kaskazini umeota kuvu na mvua inavujia ghalani. Kamati ya kijiji imempa Bibi Fumie mpaka theluji ya kwanza apate watu wa kuezeka majira ya kuchipua. Akikosa, paa litaezekwa kwa bati.

"Nyasi zipo, tumekata," anasema. "Mikono ndiyo hakuna."

Zamani mikono haikutafutwa. Mwaka huu paa lako, mwaka ujao la jirani, na kijiji kizima kilikuwa juu, wanaume wakitaniana na wanawake wakipika supu kwenye masufuria makubwa. Siku hizi nyumba zinazotoa moshi ni chache, na wajukuu wa Kamitani wako viwandani mijini.

Wageni wanakaa kuzunguka meko. Kama kawaida, wanagombania mahali panapotazama mlango. Pale ni pa mwenye nyumba. Ndipo alipokuwa akikaa marehemu mumewe, Tatsuzo. Bibi anamimina chai tu. Mgeni atajuaje?

Mwanamume mmoja mwenye mvi hagombanii. Anazunguka kwa nyuma, anakaa upande wa chini kabisa, karibu na kuni. Moto unapofifia anachukua gogo, analisukuma motoni kwa ncha, bila kutawanya majivu.

Bibi Fumie anaacha kumimina chai.

"Wewe, baba. Nani alikufundisha kukaa hapo?"

"Nimekaa tu, Bibi."

"Mtu hakai hapo hivihivi! Hapo ni pa watoto. Wewe ni wa nyumba gani?"

Mtu yule anainamisha kichwa. "Ya darajani."

"Mtoto wa Kaji! Shohei! Ndiyo umekuja nyuma ya kibendera, kama mgeni, umelipa na kiingilio?"

"Niliona haya, Bibi. Nyumba yetu imeshaanguka. Ningebisha hodi kwa nani?"

"Kwangu! Mpumbavu wewe." Anamsukumia sahani ya achari ya figili. "Kula."

Shohei Kaji, fundi wa treni mstaafu wa Nagoya, alihama akiwa na miaka kumi na miwili. Anaangalia juu muda mrefu. Utotoni alikaa humo juu gizani, chini ya nyasi, Tatsuzo akichoma kutoka nje sindano ya mti ya kushonea nyasi, ndefu kama mpini wa jembe, yenye kamba tunduni. Kazi ya Shohei ilikuwa kuipokea, kuizungusha kamba kwenye boriti na kuirudisha nje.

"Alikuwa akinitukana nikichelewa," anasema.

"Alikuwa akikusifu ukishaondoka," Bibi anajibu.

Kisha anamweleza habari ya bati, na kwamba anatafuta mikono.

"Bibi, nina miaka sitini. Nipande paa?"

"Nani kasema upande? Utakaa ndani, upokee sindano. Mahali pako unapajua."

Basi linapiga honi. Shohei anasimama, anapangusa macho, analaumu moshi. "Nitakuja. Nitawaambia na dada zangu. Sijui kama watakubali."

Nje, wageni wanakung'uta makoti ili harufu itoke. Shohei analifunga lake vifungo vyote, mpaka shingoni.

Bibi Fumie anamwangalia akipanda basi, kisha anarudi kufukia makaa kwenye majivu. Anajua mtu mmoja haezeki paa. Hata hivyo anatabasamu.

"Dada zake wote wawili walilelewa na moshi huu," anayaambia makaa. "Wakishalinusa lile koti, hatahitaji kuwabembeleza."