Watoto Sita Kwenda Juu

Siku hizi nikisikia redioni kwamba kuna nchi ambako serikali inawalipa watu wazae, nacheka peke yangu mpaka mume wangu ananiuliza kama niko sawa. Wasomi wanabishana: inafaa, haifai, watu watazaa, hawatazaa. Jamani, si wangekuja kutuuliza sisi! Kijiji chetu, ng'ambo ya mto ukitokea Ifakara, kililijaribu jambo hilo miaka ya tisini, tena bila kutoa hata shilingi. Sisi tulitumia mpunga.

Ilikuwa hivi. Shule yetu ilihitaji darasa jipya, na serikali ya kijiji ikaamua kila kaya itoe debe moja la mpunga baada ya mavuno ili yanunuliwe mabati. Mwenyekiti wetu, mtu wa kupenda kusifiwa, akaona awafurahishe wenye familia kubwa: kaya yenye watoto sita kwenda juu isamehewe. Eti hao wameshachangia wanafunzi. Baba yangu alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, maana sisi tulikuwa sita kamili. Mvuvi mmoja kapera akasimama akauliza, "Sasa mimi nisiye na mtoto, hilo darasa namjengea nani?" Mwenyekiti akamwambia aoe. Watu wakaangua kicheko, na hoja ikapita.

Shangazi yangu, dada yake baba, hakucheka. Alikuwa ameolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Kwetu mwanamke akishazaa, jina la usichana linawekwa kando, anaitwa mama wa fulani, na hapo ndipo anapohesabika kuwa mtu mzima. Shangazi alikuwa amepita arobaini na bado aliitwa "mke wa fundi baiskeli". Lakini hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa na mdomo huyo! Alimwambia mama yangu, wifi yake, kwamba anazaa kama aliyepewa tenda. Mama naye akamjibu kwamba wengine godoro lao linazeeka bure. Baada ya hapo hawakusemeshana tangu Krismasi mpaka Pasaka.

Hata hivyo, mpunga ulipoanza kutia maziwa, mama alinipeleka kwa shangazi kama kila mwaka. Msimu huo kijiji kizima kilihamia mashambani kuamia ndege. Tulilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mpunga, na kutwa nzima sisi watoto tulipiga makelele, tukagonga makopo na kurusha vidonge vya udongo kwa kombeo. Shuleni alibaki mwalimu na chaki yake. Asiye na mtoto aliazima, la sivyo ndege walimaliza shamba. Nilikuwa na miaka tisa, na kwa shangazi nililishwa vizuri kuliko nyumbani, kwa hiyo sikulalamika.

Siku mtendaji wa kijiji alipopangiwa kupita kwenye madungu na daftari kuhesabu watoto, wazazi walishapanga ya kwao. Huwezi kuamini watu wazima waliokuwa wakisali mstari wa mbele walivyokaa na kupanga. Mtendaji angeanzia upande wa mtoni, kwa miguu, kwa sababu baiskeli haipiti kwenye tope. Watoto wangehesabiwa dungu la kwanza, kisha wakatize ndani ya mpunga wakimbilie la pili, wahesabiwe tena, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa bonde. Mimi mama aliniambia jambo moja tu: "Ukimwona anakuja, toka huko mbio, uje uhesabiwe kwetu."

Nilimwona. Nikashika kombeo langu, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi. Shangazi akasema, "Ngoja kwanza, kambale ameiva."

Alikuwa kambale mnono wa kuchoma. Nikarudi nikakaa. Mtu asinilaumu.

Mtendaji alifika, akapokea shikamoo yangu, akafungua daftari. Alimuuliza shangazi kwa kutimiza wajibu tu, kalamu ikiwa imeshaanza kuandika sifuri: "Watoto wangapi?"

Shangazi alinitazama. Mdomo wangu ulikuwa umejaa samaki. "Mmoja," akasema.

Mtendaji alinijua vizuri, alikuwa amekula ubwabwa kwetu si mara moja. Akanitazama, akamtazama yeye. "Wako?"

"Kwani unamwona wa nani hapa?"

Akaandika jina langu. Mimi nikawaza, haidhuru, nikimaliza kula nitakimbilia nyumbani. Ndipo yule bwana alipotoa mfukoni muhuri wa kijiji, akafungua kikopo cha wino, akaukamata mkono wangu na kunigonga pah! Muhuri wa serikali, wa zambarau, juu ya kiganja. Kumbe alikuwa na habari za mbio zetu zote!

Basi hapo kijiji kiliharibika. Nilitimka mpaka kwetu, nimelowa mpaka kiunoni, nikaficha mkono mgongoni. Mtendaji alipofika akaniambia nionyeshe. "Huyu nimeshamhesabu," akasema. Baba akapiga kelele kwamba huyo ni wake, amemzaa yeye. "Kwenye daftari ni wa dada yako," mtendaji akajibu, akaandika tano. Na wengine hali zao zilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja mwenye watoto tisa aliowaazimisha wenzake kwa ukarimu alibaki na wanne. Yule mvuvi kapera, kwa kuwa dungu lake lilikuwa la kwanza kutoka mtoni, akawa baba wa watoto saba! Watoto tulisugua mikono kwa mchanga, kwa majivu, kwa ganda la limau. Wino haukutoka.

Jioni ile mama hakunipiga. Matusi yote alimpelekea wifi yake, ingawa wifi mwenyewe hakuwepo. Debe zima! Unajua debe la mpunga lilikuwa nini kwenye nyumba ya watu wanane? Baba akaapa kwamba kwenye mkutano wa kijiji atanirudisha.

Mkutano ulipofika, mtendaji akatangaza kwamba atasoma daftari, na mwenye malalamiko asimame amdai mtoto wake mbele za watu. Maana yake, asimame akiri kwamba alimwazimisha. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Watu walisimama mmoja mmoja, macho chini, wakidai watoto kutoka kwa kapera, na yeye aliwaachia kwa masikitiko, akimwuliza kila mtoto kama kweli anataka kuondoka.

Shangazi, ambaye hakuwahi kuhudhuria mkutano wowote, alikuwa amekaa mbele kabisa. Alivaa gauni la kanisani. Mtendaji alipofika kwake akasoma, "Mtoto mmoja, wa kike," akataja jina langu. Wengine walikuwa wakiitika kwa kuinua mkono tu. Shangazi alisimama.

"Nipo," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka Lupiro.

Hakuna aliyecheka. Baba akaanza kuinuka. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitaka nirudi kwetu, na wakati huohuo nilitaka shangazi asiaibike, na sikujua nitake lipi zaidi. Mama akamkamata baba shati kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu mpaka kifungo kikatoka.

"Kaa chini," akamwambia.

"Mtoto wangu yule!"

"Wetu ni watano. Kaa."

Mtendaji akauliza kama kuna pingamizi. Mama akasema hakuna, asome wengine, watu wana kazi.

Baba alinuna wiki mbili. Baada ya mavuno mama alipima debe letu bila kupunja, akajitwisha, nami nikamfuata. Shuleni tulimkuta shangazi ametutangulia kwenye foleni na debe lake, maana mtoto mmoja hasamehewi. Hawakusalimiana. Zamu ya shangazi ilipofika, mwalimu aliyekuwa akipokea michango akauliza aandike nani.

Shangazi alikohoa. "Mama wa..." akasema, akataja jina langu.

Mwalimu akainua macho, akamtazama mama yangu aliyesimama nyuma yake.

"Unanitazama nini?" mama akasema. "Andika hivyohivyo, mwenzangu apite. Shingo inaniuma."